Uliza Mwalimu: Kibodi, kisoma skrini na kikao cha Zoom

Barua za mwezi huu zimerundikana sehemu moja, watu wanaitwa vikao vya mtandaoni na wasioona wanabaki pembeni kama wageni waalikwa. Mi mwenyewe sioni na laptopu naendesha kwa NVDA, ambayo ni kisoma skrini, yani programu inayokusomea kwa sauti yaliyo kwenye skrini, kwaiyo nnayojibu hapa nimeyafanya kwa vidole vyangu, mengine nimeyajua baada ya kuaibika.

SWALI: Mwalimu salaam. Mi ni shangazi wa bibi harusi, niko Tanga, sioni, natumia laptopu yenye NVDA. Kamati yetu ya harusi inakaa Zoom kila Jumapili usiku. Nikitaka kuongea natembea na Tab kutafuta maiki, nikiipata wameshahamia ajenda nyingine. Alafu NVDA haina adabu, mwenyekiti anataja bajeti ya ukumbi yenyewe inanisomea fulani ameingia, fulani ametoka, fulani kaandika amina. Kubwa kuliko yote Jumapili iliyopita nilijua nimefunga maiki kumbe iko wazi, nikamwambia mwanangu huyu mjomba kila harusi anaahidi laki tano hatoi hata mia, na mjomba mwenyewe yumo kikaoni. Nifanyeje?
*Shangazi wa bibi harusi, Tanga*

JIBU: Shikamoo shangazi, na pole sana, ila huyo mjomba nae ajitafakari.

Tuanze na Tab. Kwenye Zoom kutafuta kitufe kwa Tab ni kujitafutia tabu tu, mana vitufe ni vingi na mpangilio wake unabadilika kila wakisasisha programu, leo maiki iko hapa kesho kuna kitu kingine kimeingia katikati. Shika amri za kibodi, yani vitufe vinavyobonyezwa kwa pamoja. Kwenye Windows, Alt na A inafunga na kufungua maiki, popote ulipo ndani ya dirisha la kikao. Alt na Y inanyoosha mkono, ukibonyeza tena unashuka. Alt na V ni kamera, na hii usiidharau kisa huoni, wewe huoni lakini wao wanakuona, mi nimewahi kukaa kikao kizima kamera inaangalia dari na kamba ya nguo. Alt na H inakupeleka kwenye chati, Alt na U inafungua orodha ya waliomo, Alt na Q ni ya kutoka, itakuuliza kwanza kabla ya kukutoa kwaiyo usiogope kuigusa. Hizo sita zinatosha kabisa kwa kamati ya harusi.

Sasa hili la maiki kubaki wazi. Kila ukibonyeza Alt na A subiri, usiongee hapohapo, NVDA itasema kama umefunga au umefungua. Watu wengi wanabonyeza wakiwa na haraka wanaanza kuongea, sauti yao inaifunika ile taarifa, hapo ndo mambo ya mjomba yanapotokea. Ukichanganyikiwa hujui iko hali gani bonyeza mara moja usikilize, na kama sio hali unayoitaka bonyeza tena, ila kumbuka huenda kwa sekunde hiyo moja umeifungua, kwaiyo fanya ukiwa umenyamaza. Kuna jingine, ukiacha kikao ukaenda kufungua faili la michango kwenye Excel, Alt na A haifanyi kazi tena kwa Zoom mana uko dirisha lingine. Unaweza kuiruhusu ifanye kazi popote, ingia mipangilio ya Zoom, sehemu ya njia za mkato za kibodi, kila amri ina kisanduku cha kuiwezesha kila mahali. Mi nimetia tiki kwa hiyo ya maiki peke yake, nyingine zinagongana na amri za programu zingine.

Alafu kuna mtu atakuja kukwambia shikilia spesi uongee ukiachia inafunga. Ni kweli ipo, wanaoona wanaipenda sana. Kwetu sisi ina mtego, mana spesi ndo inabonyeza kitufe chochote ulichosimama juu yake, we unadhani unaongea kumbe umewasha kamera au umefungua dirisha lingine kabisa. Achana nayo.

Kuhusu NVDA kupayuka. La haraka ni Ctrl, gusa mara moja inakatisha sentensi inayosomwa. Ila dawa yenyewe iko kwenye mipangilio ya Zoom sehemu ya ufikivu, kuna orodha ya taarifa ambazo Zoom inazipeleka kwa kisoma skrini, toa tiki kwenye za watu kuingia na kutoka, na kama kamati yenu ni ya watu wa amina amina toa na ya chati, utaisoma mwenyewe kwa Alt na H watu wakitulia. Usitoe zile za mwenyeji kukuomba ufungue maiki wala ya kurekodiwa, hizo lazima uzijue. Kuna watu wanatumia Insert na S kuizima NVDA sauti kabisa wakati wa kikao, mi siipendi, unasahau umeizima alafu unaanza kudhani laptopu imekufa, nimeshawahi kuizima laptopu kwa kitufe cha umeme kwa ajili hiyo.

Na kama sauti za watu zinafifia kila NVDA ikiongea, huo sio mtandao, ni NVDA inapunguza sauti zingine ili isikike. Bonyeza Insert, Shift na D mpaka iseme haipunguzi.

Nyongeza ya lugha. Sauti ya Kiingereza ikikusomea chati ya Kiswahili utacheka mpaka ulie. Kwenye eSpeak, programu ya sauti inayokuja na NVDA, sauti ya Kiswahili ipo, inakwaruza kama redio ya mbao lakini maneno inayatamka. Ukiwa ndani ya Zoom bonyeza Insert, Ctrl na P, tengeneza wasifu, yani mipangilio ya NVDA ya programu hiyo peke yake, alafu weka sauti ya Kiswahili, ukitoka Zoom inarudi ile uliyoizoea. Taarifa za Kiingereza za Zoom zenyewe zitasomwa kiswahiliswahili, utazizoea ndani ya siku mbili.

Kabla ya Jumapili fungua kikao chako mwenyewe uwemo peke yako, ubonyeze hizo amri sita mpaka vidole vijue njia. Na vaa iafoni, ukitumia spika NVDA inaingia kwenye maiki na kamati nzima inaisikiliza.

SWALI: Hujambo mwalimu? Mimi ni katibu wa chama chetu cha akiba, Nakuru. Wanachama wawili hawaoni. Kila mwezi nashea skrini nikionyesha jedwali la mikopo, na kila mwezi hao wawili wanasema hawajaonyeshwa kitu. Nimewaambia waongeze saizi ya maandishi lakini wapi. Shida iko kwao ama kwangu?
*Katibu, Nakuru*

JIBU: Sijambo katibu. Iko kwako, na nakushukuru umeuliza mana wengi hawaulizi.

Ukishea skrini, unachorusha ni picha. We unaona safu na namba, lakini kwenye kompyuta yao inafika kama video, na kisoma skrini hakisomi maandishi yaliyomo ndani ya video, kinasoma maandishi yaliyo maandishi. Waongeze saizi mpaka herufi ijae ukuta, hakuna kitakachosomwa. Tuma lile faili lenyewe la Excel siku moja kabla, kwa barua pepe au WhatsApp, na tafadhali iwe faili, sio picha uliyopiga kwa simu wala karatasi iliyoskaniwa. Wakifika kikaoni wanalo limefunguliwa pembeni na huenda wakakuonyesha kosa la hesabu ambalo nyie mnaotazama mmelipita.

Ukiwa unaeleza, acha haya maneno ya hapa mnaona, hii ya kijani, ile ya chini. Taja namba. Kila anayeongea ajitaje kwanza, wao wanaweza kubonyeza Ctrl na 2 Zoom iwatajie anayeongea lakini sio haki mtu afanye hivo kila dakika wakati kusema jina ni nusu sekunde. Mtu akiweka kitu cha maana kwenye chati kisome kwa sauti. Na ukiwafungia watu wote maiki, hakikisha umewaachia ruhusa ya kujifungulia wenyewe, alafu ukimuita asiyeona kuchangia mpe sekunde tano kabla hujasema huyu hayupo tuendelee. Hiyo ya tuendelee inauma bana.

Siku mmoja wao akitaka kushea skrini yake mkumbushe atoe tiki kwenye kushea sauti ya kompyuta, la sivyo mtasikia kisoma skrini chake kwa kasi aliyoizoea na hamtaambulia neno.

SWALI: Mwalimu mambo, mi mwanafunzi wa chuo Dar. Sisi tunatumia Google Meet kwenye Chrome, nimeambiwa Ctrl na D ndo maiki lakini kwangu inafungua kidirisha cha kuhifadhi ukurasa, yani nimehifadhi darasa la takwimu mara kumi na moja. Afu natumia JAWS ya kujaribu, kile kisoma skrini kingine, inakata katikati ya kipindi.
*Mwanafunzi, Dar es Salaam*

JIBU: Poa mdogo wangu. Ctrl na D ni kweli ya maiki kwenye Meet, na Ctrl na E ni kamera, ila Meet inaishi ndani ya Chrome, na Chrome nayo ina Ctrl na D yake ya kuhifadhi ukurasa. Ukiwa umekaa kwenye upau wa anwani, Chrome ndo inaichukua. Bonyeza F6 mpaka urudi ndani ya ukurasa alafu jaribu tena. Mkono ni Ctrl, Alt na H. Siku mkihamia Teams maiki ni Ctrl, Shift na M, mkono ni Ctrl, Shift na K, na usizichanganye.

JAWS isiyolipiwa inaenda dakika 40 alafu mpaka uiwashe kompyuta upya. Na kikao cha Zoom cha bure nacho kinakata dakika 40, kwaiyo siku mkifanya diskasheni kwa akaunti ya bure utadhani wameelewana. Weka NVDA, ni bure na haina saa, wameitengeneza wenzetu wasioona wa Australia kuanzia 2006. Zote mbili zinaweza kukaa kwenye laptopu moja, ila usiziwashe kwa pamoja.