Opampu kama kilinganishi: mambo yanayowasumbua wanaoanza

Opampu (IC ya kukuza tofauti ya volti kati ya miguu yake miwili ya kuingizia, chanya na hasi) ukiiacha bila rizista ya kurudisha tokeo, yaani volti inayotoka, kwenye mguu hasi, inageuka kilinganishi: inakuambia tu volti ipi imezidi. LM358, opampu ya kawaida, hukuza tofauti hiyo kama mara 100,000, kwa hiyo milivolti moja tu kati ya mguu chanya na mguu hasi inatosha kulisukuma tokeo hadi mwisho: chanya ikizidi, tokeo linapanda, hasi ikizidi, linashuka. Nadharia ni hiyo tu. Kinachowakwamisha wanaoanza ni kwamba juu na chini ya kwenye karatasi siyo juu na chini ya IC yenyewe.

Chukua 741, opampu ambayo vitabu havichoki kuichora, uitumie kuwasha transista inayoshika rilei (swichi inayovutwa na koili). Ukiilisha volti 12 na negativu tu, tokeo "likishuka" linaweza kubaki kwenye volti 2 hivi. Transista kama BC547 inafunguka kwa takriban 0.6. Basi transista haizimi, rilei haiachii, na fundi mgeni anabadilisha transista, anabadilisha rilei, mwisho anailaumu betri. Pima kwanza tokeo kwa mita kabla hujabandua kitu. Mimi kazi za namna hii siipi 741 kabisa. LM358 inashuka hadi karibu na 0. Juu nayo haifiki, inaishia kama volti 1.5 chini ya umeme unaoilisha, lakini kwa kuwasha transista hiyo inatosha sana.

Zoezi zuri la LM358 ni kinga ya betri ya sola ya volti 12, inayokata mzigo (taa) betri ikipungua. Rizista mbili za kilo-omu 10 ziigawe volti ya betri nusu kwa nusu, katikati yake uunge mguu wa 3 (chanya). Mguu wa 2 (hasi) upate zena, yaani diodi inayoshikilia volti moja isiyobadilika, ya volti 6.2, inayolishwa kupitia rizista ya kilo-omu 1. Mguu wa 1 (tokeo) uende kwenye besi ya transista kupitia kilo-omu 4.7, transista ishike rilei, na usisahau diodi ya 1N4007 sambamba na koili. Betri ikishuka chini ya 12.4, mzigo unakatwa.

Ukiishia hapo utajuta. Mzigo ukikatika tu, betri inapata nafuu, volti inapanda, rilei inarudisha taa, betri inazama tena. Utasikia ta-ta-ta-ta mpaka kontakti za rilei ziungue. Dawa ni rizista ya kilo-omu 100 kutoka mguu wa 1 kurudi mguu wa 3. Sasa itakata karibu na volti 12, na haitarudisha mpaka ifike karibu 13, yaani jua limeanza kuchaji kweli. Hilo pengo kati ya volti ya kukata na ya kurudisha ndiyo histeresisi. Pengo likikuzidia, weka kilo-omu 220.

LM358 ina opampu mbili ndani; ile ya pili usiiache ikielea: unga mguu wa 7 na wa 6, na wa 5 uupeleke kwenye zena.

LM393, ambayo ni kilinganishi halisi, ina mpangilio uleule wa miguu na inaingia soketi ileile. Ila tokeo lake linajua kuvuta chini tu, halitoi umeme. Ukiichomeka hapo bila rizista kutoka positivu kwenda mguu wa 1, transista haitawaka hata siku moja, na IC utaiona mbovu bure.