Ukienda Simbi Nyaima, Mtafute Msimulizi Kwanza

Juma lililopita kijana mmoja wa Homa Bay aliyemaliza kozi ya utalii aliniandikia akitaka kujua jinsi ya kupanga safari ya siku moja itakayowafikisha wageni wake ziwa la Simbi Nyaima, vilima vya Homa, kuta za kale za Thimlich Ohinga na miamba ya Kit Mikayi, kisha warudi Kisumu kabla ya jua kutua. Nimeona heri nimjibu hapa, kwa kuwa wapo vijana wengi wanaotamani kama yeye kuishi kwa kazi ya kuwaongoza wageni katika nchi yetu hii ya magharibi, na swali lake ni lao pia.

Mdogo wangu, chagua mahali pamoja, na kwa kuanzia mahali penyewe pawe Simbi.

Ziwa hilo ni dogo kiasi kwamba mtu hulizunguka kwa miguu bila kuchoka. Liko karibu na Kendu Bay, si mbali na ufuo wa Ghuba ya Winam, na upande wa magharibi umesimama Mlima Homa wenye kimo cha mita 1,751. Hakuna mto unaotoka ndani yake. Maji yake ni ya magadi, yana rangi ya kijani iliyokolea kwa sababu ya mwani, na mwani huo ndio unaowaleta heroe, ambao wengi wetu huwaita flamingo. Mgeni aliyeambiwa hayo tu atapiga picha, atauliza choo kiko wapi, kisha atataka kuondoka. Nimeyaona hayo mara nyingi kwa waongozaji wenye haraka.

Sasa mkalishe mgeni huyo ukingoni, chini ya mti, mbele ya mama mzee wa pale, nawe umwombe kwa heshima, "Dani, tusimulie," yaani bibi, kwa Kijaluo. Ataanza kwa kijiji kilichokuwa mahali palipo na maji leo, kijiji chenye mifugo na chakula tele, ambacho jioni moja kilikuwa kwenye sherehe ya pombe. Bibi kizee mgeni akafika, amelowa na ana njaa, akaomba mahali pa kuota moto. Wanywaji wakamfukuza. Mwanamke mmoja peke yake ndiye aliyemkaribisha nyumbani kwake, akampa chakula na joto, na bibi yule aliposhiba akamwambia amchukue mumewe waondoke usiku uleule. Mume alikuwa amelewa, akakataa kuiacha sherehe. Mwanamke akaondoka, mvua ikanyesha kwa namna ambayo haijapata kuonekana, na kijiji kikazama pamoja na watu wake wote.

Wasimulizi hutofautiana. Wengine husema bibi aliomba pombe, wengine chakula, na wapo wanaomfanya mume kuwa mtu mwema aliyechelewa tu. Usiwasahihishe! Mwache kila mmoja asimulie alivyopokea kwa wakubwa wake, kwa maana tofauti hizo zenyewe ni sehemu ya kile ambacho mgeni amekuja kukisikia.

Nalisema hili kwa uchungu kidogo. Miaka iliyopita nilifanya kazi na kampuni moja ya utalii, na nilipopendekeza safari ya Simbi, mkubwa wangu alisema mbele ya wenzangu kwamba wageni hulipia simba, hawalipii ngano za vikongwe. Mkataba wangu haukuongezwa. Maneno yale bado yananichoma, na sitaficha kwamba nilifurahi sana mwezi uliopita kikundi cha walimu kutoka Nakuru, watu wanaoishi jirani na ziwa lenye faru na simba, kilipokaa Simbi mchana kutwa, kikabishana njia nzima kuhusu yule mume mlevi, na tayari kimeomba kurudi na wanafunzi wake. Wageni hulipia ngano, mradi zisimuliwe na mwenyewe mahali pake.

Wala usidhani kwamba ngano inaikataa sayansi. Wanajiolojia hueleza kwamba Simbi ni ziwa la kreta, shimo lililofumuliwa na mlipuko wa volkano, na Homa yenyewe ni mabaki ya volkano, ndiyo maana hadi leo zipo chemchemi za maji moto kwenye vilima vyake. Katika Rasi ya Homa, mahali panapoitwa Nyayanga, watafiti walichapisha mwaka 2023 habari za zana za mawe zenye umri wa kati ya miaka milioni 2.6 na 3, zilizokutwa pamoja na mifupa ya viboko yenye alama za kukatwa nyama. Mweleze mgeni hayo yote, lakini baada ya dani kumaliza, si kabla, wala usimkatize dani ili uonyeshe elimu yako. Kijana anayemkatiza mzee kwa ajili ya kumpendeza mgeni hupoteza heshima ya wote wawili, na mimi simwiti mwongozaji.

Narudia tena: mtafute msimulizi kwanza. Nenda wewe mwenyewe siku chache kabla, ujitambulishe kwa mzee wa kijiji, useme wewe ni mwana wa nani na unatoka wapi, kisha mkubaliane malipo mapema. Mlipe msimulizi mkononi mwake, mbele ya wageni, usimwahidi kwamba utamtumia baadaye. Tunawadai wageni maelfu ya shilingi kwa hadithi ambazo si zetu, halafu tunawaachia wenyewe shukrani. Jambo hilo ni dhuluma, na linapaswa kukoma.

Mengine ni mepesi. Kutoka Kisumu pitieni Ahero na Katito hadi Kendu Bay, mfike asubuhi kabla jua halijawa kali, na wakati wa masika mvae viatu vya kushika tope. Maji ya ziwa hayanyweki, kwa hiyo bebeni yenu. Mkipata saa ya ziada, Kanyadhiang, kijiji cha asili cha babu yake Barack Obama, kiko papo hapo karibu.

Thimlich Ohinga, yenye kuta za mawe zilizopangwa bila saruji na iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2018, iko Migori na inataka siku yake. Kit Mikayi nayo iko upande mwingine kabisa, kwenye barabara ya Kisumu kwenda Bondo, na akina mama wanaowaimbia wageni pale wana utaratibu wao wa malipo, kwa hiyo uende ukawaulize wao wenyewe.