Maswali yenu: alama ya dola ($) ndani ya fomula za Excel

Assalaam aleikum. Nauza samaki hapa Lamu. Kilo naziandika safu ya B, bei ya kilo moja iko F1. Fomula =B2*F1 inanipa jibu sawa, lakini nikiiburuta chini, mistari mingine yote inasoma 0.

Waaleikum salaam, ndugu yangu. Ukiburuta fomula chini, Excel husogeza kila seli iliyotajwa ndani yake. B2 inakuwa B3, na hilo ndilo unalolitaka. Lakini F1 nayo inakuwa F2, ambako hakuna kitu. Bonyeza mara mbili kwenye 0 mojawapo, utaiona F2 kwa macho yako. Dawa ni kuifunga bei: =B2*$F$1. Dola ya kwanza inafunga safu, ya pili inafunga mstari. Tuseme bei ni 450 na kilo ni 12, 7 na 20: utapata 5,400, 3,150 na 9,000.

Kwa nini nisiandike namba ndani ya fomula, kwa mfano =B2*16%?

Nakuomba usifanye hivyo. Aprili 2020 VAT (kodi ya ongezeko la thamani) nchini Kenya ilishushwa kutoka 16% hadi 14%, na Januari 2021 ikarudishwa 16%. Aliyekuwa ameiweka kwenye seli moja na kuifunga, alibadilisha namba moja tu. Aliyeitia ndani ya fomula ilimbidi apitie mstari baada ya mstari, na hata mmoja ukimponyoka, jumla inapotoka bila onyo. Sifuri utaiona, asilimia ya zamani iliyojificha huioni. Ila ankara za zamani ziweke faili lake, maana ukibadilisha seli ile zitabadilika nazo.

Nina nyumba ya wageni Malindi. Bei za vyumba ziko safu ya B, idadi ya siku iko mstari wa 1 kuanzia C1. Nifungeje?

Hapa, dada, funga nusu nusu. Kwenye C2 andika =$B2*C$1, kisha buruta kulia na chini. Bei lazima itoke safu ya B daima, ila mstari wake uhame kutoka chumba hadi chumba. Siku ni kinyume chake. Ukifika D3 utakuta =$B3*D$1. Jedwali zima kwa fomula moja!

Kitufe cha F4, kile cha kuweka dola, kwenye laptopu yangu kinabadilisha sauti tu.

Shika Fn pamoja na F4, kishale kikiwa kwenye jina la seli. Kila ukibonyeza, dola zinahama: $F$1, F$1, $F1, F1. Kwenye Mac ni Command na T. Kwenye simu, ziandike kwa mkono.

Nikiingiza mstari mpya juu, $F$1 itaharibika?

La. Itajigeuza $F$2 na kuifuata bei yako. Ukiufuta mstari wenye bei, hapo ndipo utaona #REF!, yaani seli iliyotajwa haipo tena, na itakubidi ubonyeze Ctrl na Z upesi ili kuurudisha kabla hujafunga faili.