Ndege hawaji kwenye kilishio: usikate tamaa, kihamishe

Mkuu, umesema kilishio chako, yaani chombo cha kuwawekea ndege chakula, kiko katikati ya bustani tangu theluji ya kwanza, hii ni wiki ya tatu na hajatua hata shomoro. Tena unaogopa kwamba wakishazoea, siku ukisafiri watakufa njaa. Nimewalisha ndege majira tisa ya baridi sasa, na mwaka wa kwanza nilikitundika palepale ulipokitundika wewe.

Katikati ya bustani panatufaa sisi tunaotazama. Ndege mdogo hapo anaona uwanja wa kipanga. Anataka kwanza tawi la kutua, achungulie huku na huku, achukue punje moja na kurudi mafichoni. Nilihamishia changu mita tatu hivi kutoka kwenye kichaka kisichopukutisha majani, na siku ya nne wakaja chikadii wawili, wale ndege wadogo wa Amerika Kaskazini. Usikisogeze karibu zaidi, paka huvizia humo. Angalia na dirisha: kilishio kiwe chini ya mita moja kutoka kwenye kioo, au zaidi ya mita kumi. Kikiwa karibu, ndege akishtuka anakuwa bado hajapata kasi ya kujiua. Hatari kubwa iko katika umbali wa katikati.

Chakula hakina mambo mengi. Weka alizeti nyeusi, ile ndogo, yenye ganda jembamba na mafuta tele. Kwa vigogota, tundika kipande cha mafuta magumu ya ng'ombe. Mkate acha. Maji yasiyoganda, ukiweza kuyaweka, huwavuta hata wasiokula mbegu.

Ukishampata chikadii, mtazame kwa makini. Ana gramu kama 11 tu. Usiku wa baridi kali hushusha joto la mwili wake hata nyuzi 10 ili asimalize mafuta aliyoyakusanya mchana, na asubuhi huamka akiba imekaribia kwisha. Ndiyo maana pilikapilika huwa kubwa kunapopambazuka na tena kabla ya machweo. Anayechungulia saa sita mchana anaweza kudhani hakuna ndege. Tazama pia anachofanya na punje. Akiishika kwa miguu na kuigonga kwa mdomo, anakula. Akiondoka nayo na kurudi upesi kuchukua nyingine, huenda anaweka akiba: huzificha moja moja kwenye nyufa za magome, na hukumbuka alipoziweka kwa wiki kadhaa. Mimi hilo bado linanishangaza kila mwaka.

Kuhusu safari, nenda tu. Huko Wisconsin, Marekani, watafiti walikuta chikadii wanapata kama sehemu moja ya tano tu ya nishati ya siku kwenye vilishio. Nyingine waliitafuta wenyewe porini. Waliondoa vilishio mahali palipokuwa navyo kwa miaka 25, na ndege wa pale hawakufa zaidi ya wale ambao hawakuwahi kulishwa. Ila baridi ikiwa kali mno, chakula cha ziada huokoa, kwa hiyo jaza kilishio kabla ya dhoruba.

Ninalokusihi zaidi ni usafi. Majira yangu ya nne nilimwona chiriku amejivimbisha manyoya, macho nusu yamefumba, nikamkaribia na hakuruka. Kesho yake nilimkuta amekufa chini ya kilishio, juu ya maganda yaliyolowa na kuchanganyika na kinyesi. Yale maganda nilikuwa nimeyaacha mwezi mzima, na iliniuma sana. Salmonela, bakteria wa ugonjwa huo, huenea hivyohivyo. Majira ya baridi ya 2020 kuingia 2021 iliua chiriku wengi Amerika Kaskazini. Kila wiki mbili nasugua kilishio, nakilowesha kwenye maji sehemu tisa na dawa ya klorini ya kufulia sehemu moja, nakisuuza, nakikausha kabisa ndipo najaza. Chini nafagia. Ukimwona ndege mgonjwa, ondoa vyote kwa wiki mbili watawanyike.

Ukianza kuhesabu, usijumlishe kila anayekuja, maana yuleyule hurudi mara arobaini. Andika idadi kubwa zaidi ya aina moja uliyoiona kwa wakati mmoja. Kihamishe kesho mapema, kisha uniandikie hapa nani alitangulia kutua na ilikuwa saa ngapi.