Kwa mnaoanza kwenye mizabibu: someni kalenda, lakini tazameni na mawingu

Jana nimemkuta kijana mgeni anakoroga 500, ile samadi iliyoivia ndani ya pembe tunayotumia kwenye kilimo cha biodainamiki, kwa drili ya kuchanganyia rangi, saa saba mchana, tena ananiuliza kama imeiva. Wadogo zangu, tuongee.

1. 500 ni ya udongo, inapigwa jioni. 501, unga wa jiwe la kwazi ulioivia ndani ya pembe, ni ya majani, alfajiri, kabla jua halijawa kali. Koroga kwa mkono saa nzima. Maji yakishafanya shimo katikati, geuza upande. Maji ya mfereji yana klorini, kwa hiyo kinga maji ya mvua.

2. Pembe iwe ya ng'ombe jike. Rudolf Steiner, mwanzilishi wa kilimo hiki, alipotoa mihadhara yake Koberwitz, Ujerumani ya wakati ule, mwaka 1924 alikuwa na wakulima wa nchi ya theluji: pembe yenye samadi inafukiwa kabla ya baridi, inafukuliwa ikiisha. Sisi wa Nairobi tunafukia mvua za Mei zikipungua na kufukua karibu na za Oktoba. Usiniulize theluji.

3. Siku ya tunda. Hapa nikae kidogo, maana naona mnaelekea nilikopita. Mwisho wa Machi zabibu zilikuwa tayari: sukari briksi 22, mbegu kahawia. Mwezi ulikuwa kwenye nyota za Saratani, yaani siku ya jani, siyo ya kuvuna, kwa kalenda ya Maria Thun, ile inayogawa siku kuwa za mzizi, ua, jani na tunda kwa kufuata nyota ambazo mwezi unapitia, na mimi kalenda ile nilikuwa nimeikariri. Mzee mmoja wa shambani akatazama juu, akasema, "Kijana, mvua hiyo." Nikamjibu bila haya kwamba tunasubiri mwezi uingie Asadi, siku ya tunda. Akanitazama, akaenda zake kunywa chai. Usiku ule ikanyesha, na kesho yake pia. Maganda yakapasuka, nzi wakaingia, na siku ya tunda ilipofika safu nzima inanuka siki. Tuliokoa kreti chache. Mwenye shamba akauliza mvinyo uko wapi, nikaanza kumweleza habari za nyota. Sehemu hiyo naiacha.

Thun alianza majaribio yake kwa figili huko Ujerumani miaka ya 1950. Mvua ya Machi ya Nairobi haikumhusu. Tena kosa lilianzia kwenye makasi. Mzabibu wa hapa haulali kama wa Ufaransa, kupogoa ndiko kunakoanzisha msimu, na hadi kuvuna ni miezi minne au mitano. Tulikuwa tumepogoa Novemba! Pogoa Septemba, uvune Februari kwenye jua. Ndiyo, maua yatakutana na mvua za Oktoba, na hapo salfa iwe imetangulia ukungu.

4. Shaba, dawa ya ukungu: Demeter, wanaotoa cheti cha biodainamiki, inaruhusu wastani wa kilo 3 kwa hekta kwa mwaka. Hiyo ni mwisho, siyo kipimo cha kujaza bomba.

5. Mvinyo wetu unachachushwa na hamira za ganda lenyewe, hatununui za pakiti. Kwa hiyo osha kreti, osha pipa, osha mikono. Na anayeacha ndoo ya makapi karibu na pipa kwa sababu "mchanganyiko wa asili haudhuriki", nimekusikia, na kesho zamu ya kukoroga ni yako.