Jibu: Kwa nini Tokyo 1923 moto uliua wengi kuliko tetemeko?

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini moto ndio uliomaliza watu. Angalia saa tetemeko lilipopiga: Septemba 1, saa sita kasoro dakika mbili mchana, majiko ya chakula cha mchana yanawaka, nyumba ni za mbao, upepo mkali. Mabomba ya maji nayo yakapasuka.

Kinachoniumiza zaidi ni ule uwanja wa Honjo, mtaa mmoja wa Tokyo. Watu walikimbilia pale na magodoro, nguo, mikokoteni ya vyombo. Cheche zikadondokea mizigo hiyo hiyo waliyoiokoa, kimbunga cha moto kikawazunguka, wakafa takriban 38,000 mahali pamoja.

Halafu ukazuka uvumi kwamba Wakorea wanatia sumu visimani. Wakorea wengi waliookoka moto wakauawa mitaani na makundi ya raia, na hata na askari.