Kabla ya kuchimba bwawa la samaki, pima joto la maji yako

Bwawa langu la kwanza nililichimba Uru, kwenye mitelemko ya Kilimanjaro, katika kihamba cha mama, yaani shamba la nyumbani, hatua chache kutoka kwenye mfongo, mfereji wa kienyeji unaoshuka toka msituni. Maji yanapita mwaka mzima, masafi, ya bure. Niliweka vifaranga 600 vya sato, nikawalisha pumba, mashudu ya alizeti na dagaa wa kusaga, na kila asubuhi nikawafungulia maji mapya. Miezi minane baadaye nikavuta wavu. Wengi hawakuzidi kiganja changu.

Nilimlaumu aliyeniuzia vifaranga, kisha nikalaumu chakula, nikaongeza dagaa. Aliyenifumbua macho ni mzee anayesimamia zamu za mfongo. Alichovya mkono bwawani akasema, "Mwanangu, hawa samaki wanasikia baridi."

Nikanunua kipimajoto. Alfajiri ya Julai kilisoma nyuzi 17, saa tisa alasiri 21. Sato hukua vizuri kwenye nyuzi 25 hadi 30. Maji yakishuka chini ya 20 anapoteza hamu ya kula. Mwili wake hauna joto lake mwenyewe kama wa ng'ombe au wa kuku. Maji yakipoa naye anapoa, na hata alichokula kinachelewa kusagika tumboni. Kumbe dagaa wangu walikuwa wanaozea chini, na yale maji mapya niliyojivunia ndiyo yaliyokuwa yanawapoza kila siku.

Kwa hiyo ndugu yangu wa Machame, wa Marangu au wa mitelemko ya Meru, kabla hujamwita mtu wa kuchimba, tafuta kipimajoto. Bei yake haifiki ya mfuko mmoja wa chakula. Jaza maji kwenye shimo dogo la majaribio, pima alfajiri na alasiri, na upime Juni na Julai. Januari itakudanganya. Ukikuta baridi kiasi, punguza migomba inayotia kivuli na usiruhusu maji yapite bwawani muda wote. Jazia tu yaliyopungua. Wengine hujenga banda la nailoni juu ya bwawa. Ukikuta baridi kama yangu, hapo hapamfai sato, hata umlishe nini.

Mimi nilishuka Kahe, kwenye tambarare chini ya mlima, nikakodi eneo. Huko alasiri maji yanafika 28, na samaki walikua hadi nikashangaa. Ila joto lilileta jambo ambalo Uru sikuliona: walizaliana. Sato huanza kutaga akiwa bado mdogo, miezi michache tu, na jike huatamia mayai mdomoni, kwa hiyo siku hizo hali kitu. Majike wakadumaa, bwawa likajaa vitoto vinavyogombania chakula na wakubwa. Ndiyo maana wafugaji wanatafuta vifaranga madume watupu. Watotoleshaji wengi huwapata kwa kuwalisha vifaranga homoni katika wiki zao za kwanza. Mimi nachagua kwa mkono wakifika gramu 30 hivi, nikiangalia matundu yaliyo chini ya tumbo: dume ana mawili, jike matatu. Ni kazi ya macho na uvumilivu, na mwanzoni utakosea sana. Nikaongeza kambale wachache wadogo kuliko sato wenyewe, wapunguze vitoto vinavyoponyoka.

Masika yaliyofuata tuta lilikatika usiku, na sato wangu wakaingia mtaroni kuelekea Mto Ruvu wa huku Kilimanjaro, unaoingia bonde la Mto Pangani. Watu walinipa pole ya hasara ya fedha. Kinachoniuma mpaka leo ni kingine. Bonde la Pangani lina perege wake wa asili, ndugu wa sato. Yuko Oreochromis jipe, anayehesabiwa miongoni mwa samaki walio katika hatari kubwa ya kutoweka, na Ziwa Chala lina Oreochromis hunteri, ambaye kwa asili hayuko ziwa lingine lolote duniani. Sato si wa bonde hili. Anawashinda wenyeji kwa chakula na nafasi, tena anapandana nao. Watafiti wamekuta machotara katika maji ya Tanzania. Perege wa asili akishachanganyika, huwezi kumtenganisha tena. Nawaomba watafiti wetu, wakiwemo wa Taasisi ya Nelson Mandela pale Tengeru, watusaidie kujua kama tunaweza kufuga perege wa bonde letu wenyewe badala ya kuleta wa mbali.

Wakati tunasubiri, mwone afisa uvuvi wa wilaya kabla ya kusafirisha vifaranga, na usichimbe mahali mafuriko yanapopita. Tuta langu sasa limepanda nusu mita juu ya alama ya maji ya masika yale. Bomba la kutolea maji lina wavu wa matundu madogo, na nyuma yake kuna shimo la changarawe. Mvua ikinyesha usiku, naamka na tochi kwenda kuuangalia ule wavu.